Padi mpya, gemu ya zamani: mwongozo kamili wa kuzipatanisha kwenye Windows

Umechomeka padi ya Xbox kwenye laptopu, taa imewaka, Windows imetoa mlio wake. Unafungua PES 6, gemu ya mpira: pasi zinatoka vizuri, lakini R2 haipo, wala L2 (vile vitufe vya nyuma ambavyo kwenye Xbox vinaitwa RT na LT). Unafunga, unajaribu GTA San Andreas: CJ, mhusika wake mkuu, anatazama mbinguni na kuzunguka kama aliyepandwa na mashetani. Hapo ndipo watu wengi hurudi dukani kulalamika kwamba wameuziwa kimeo. Mara nyingi padi ni nzima na gemu ni nzima, ila haziongei lugha moja. Ukishajua nani anaongea lugha gani, kazi iliyobaki ni ya dakika kumi. Usipojua, utapakua programu tano, zitagombana zenyewe kwa zenyewe, na utakuwa umeongeza tatizo la sita.

Ugomvi wenyewe unatoka wapi

Kompyuta ya IBM ya 1981 ilikuwa na kadi ya ziada yenye tundu la pini 15 la kuchomekea joystiki. Tundu lile lilisoma mihimili minne (mhimili ni mwelekeo mmoja wa kijiti, mfano kushoto-kulia au juu-chini) na vitufe vinne, basi. Mkicheza wawili, kila mmoja alipata mihimili miwili na vitufe viwili. Tena kompyuta haikuletewa namba ya kuonyesha kijiti kimefika wapi. Ilihesabu muda ambao umeme ulichukua kujaa kwenye kapasita, kisha ikakadiria. Ndiyo maana gemu nyingi za DOS, mfumo uliotumika kabla ya Windows, zilikuamuru upeleke kijiti pembe ya juu kushoto, halafu ya chini kulia, kabla hujaanza kucheza.

Enzi za Windows 95 ikaja DirectInput, njia ya Windows ya kuisomea gemu padi. Sasa padi ikaanza kujieleza: nina vitufe 12, mihimili minne na mishale. Tatizo ni kwamba vitufe havina majina, vina namba tu, na kila mtengenezaji anahesabu anavyotaka. Kwenye padi ya PS4, namba 1 ni mraba na namba 2 ni X. Kwenye ya Xbox, namba 1 ni A na namba 2 ni B. Gemu iliyozoea mpangilio mmoja ikipewa mwingine, unapiga shuti ukitaka kutoa pasi.

Mwaka 2005 Xbox 360 ilipotoka, Microsoft walileta njia nyingine, XInput. Humo kila padi ina umbo lilelile: A, B, X, Y, analogi mbili (vile vijiti vya kidole gumba), LT na RT, na padi zisizidi nne kwa kompyuta moja. Gemu iliyotengenezwa kabla ya hapo haina namna ya kuijua XInput. Nyingi za baada ya hapo hazijui kingine chochote.

Hatua ya kwanza: isikilize padi

Kabla ya kusakinisha kitu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, kisha Enter. Kidirisha kitakachofunguka kimekuwepo kwenye Windows miaka mingi na bado hakuna kifaa bora cha kuanzia. Chagua padi yako kwenye orodha, bonyeza "Properties", kisha bonyeza vitufe kimoja kimoja uone namba gani inawaka. Chukua karatasi uandike. Kweli, karatasi na kalamu. Utairudia karatasi hiyo kila gemu.

Kama padi ni ya Xbox, fanya jaribio hili. Bonyeza LT taratibu na uangalie mstari wa Z: unaelekea upande mmoja. Iachie, bonyeza RT: mstari uleule unaelekea upande wa pili. Sasa bonyeza vyote viwili kwa pamoja. Mstari unarudi katikati, kama vile hujagusa kitu. Hilo ndilo jibu la kitendawili cha PES 6. Gemu inatafuta kitufe cha kuita R2, inachokiona ni nusu ya mhimili, inakikataa.

Padi ya PS4 inafanya kinyume. L2 na R2 zinawasha namba 7 na 8 kama vitufe vya kawaida, na wakati huohuo zinasogeza mihimili yao. Kwa gemu inayotaka vitufe hiyo ni neema. Lakini mihimili hiyo ikiwa imetulia haikai katikati, inakaa mwanzo kabisa wa mstari, na kuna gemu zinazoielewa kama kijiti kilichosukumwa hadi mwisho. Ukiwa kwenye menyu ya kupanga vitufe na gemu ikajichagulia kitu kabla hata hujagusa padi, mchawi ni huyo.

Ukiwa bado hapo, angalia orodha ina vifaa vingapi. Ukikuta usukani wa zamani, au padi ya kubuni iliyoachwa na programu uliyowahi kusakinisha, ondoa. Gemu za zamani nyingi hazikuulizi unataka padi ipi, zinachukua ya kwanza zinayoiona. Bonyeza pia "Advanced": kuna sehemu ya kuchagua kifaa kitakachotumiwa na programu za zamani. Chagua padi yako, bonyeza OK.

Na jambo moja dogo linalosumbua sana: chomeka padi kabla ya kufungua gemu. Gemu nyingi za wakati ule zinahesabu vifaa mara moja tu, zikiwa zinafunguka. Ukichomeka baadaye umechelewa.

Hatua ya pili: angalia swichi ya padi yenyewe

Hapa nina aibu ya kusimulia. Nilinunua Kariakoo padi ya USB ya bei poa, ile ya vitufe 12 iliyoiga umbo la PlayStation. Mishale ikagoma kwenye PES 6, analogi ikakubali. Nikashinda nusu siku nafuta draiva na kuzirudisha, nikabadilisha tundu la USB, nikawasha upya kompyuta mara sijui ngapi. Mpwa wangu wa miaka tisa akaja, akabonyeza kitufe cha katikati kilichoandikwa "Analog", taa nyekundu ikazimika, mishale ikafanya kazi. Akaniuliza, "Anko, hukukiona?"

Padi hizi nyingi ndivyo zilivyo. Taa ikiwaka, mishale inatumwa kama kifaa cha pekee ambacho gemu nyingi za zamani hazikijui. Taa ikizima, mishale inajifanya analogi ya kushoto, na gemu yoyote inaielewa. Gharama yake ni kwamba kwenye nyingi nilizoshika, analogi ya kulia inageuka kuwa nakala ya vile vitufe vinne vya kulia. Kwa mpira hainidhuru. Kwa gemu inayohitaji kuzungusha kamera, washa taa.

Padi za gharama zaidi nazo zina swichi zake. Logitech F310 na F710 zina swichi yenye X na D: X ni XInput, D ni DirectInput. Kwa gemu iliyotoka kabla ya 2005 anza na D. Padi nyingi za 8BitDo zinabadilishwa wakati wa kuwasha: shika Start pamoja na B upate DirectInput, au Start pamoja na X upate XInput.

Na niseme wazi kitu ambacho wauzaji hawatakwambia: kwa PES 6, padi ile ya bei poa ya vitufe 12 inaishinda ya Xbox. Fungua settings.exe iliyo kwenye folda ya gemu, ingia sehemu ya padi, panga kila kitufe ukifuata karatasi yako, hifadhi, ndipo ufungue gemu. Imekwisha. Na mwenye padi ya PS4 afanye hivyohivyo kwa waya, bila programu yoyote ya kusaidia.

Hatua ya tatu: mkalimani mmoja, na mmoja tu

Swichi zikishindwa, unahitaji mkalimani. Wapo wengi, na kosa kubwa ni kuwaita wote. DS4Windows, programu ya padi za PlayStation, ikiwa inatafsiri, na Steam, lile duka la gemu, nayo ikatafsiri tena juu yake, kitufe kimoja kinabonyezwa mara mbili na menyu inaruka hatua. Chagua mmoja, wengine wafunge kabisa, hata wale waliojificha karibu na saa kwenye kona ya chini ya skrini.

Mkalimani bora ni yule aliyetengenezwa kwa gemu yako mahususi. Kwa GTA III, Vice City na San Andreas yupo GInput, kazi ya mtengenezaji anayejiita Silent. Inaziongezea gemu hizo XInput, kwa hiyo analogi ya kulia inazungusha kamera inavyotakiwa na RT inakuwa mafuta ya gari. Utahitaji pia ASI Loader, programu ndogo inayoingiza nyongeza kama hii ndani ya gemu, kisha unanakili mafaili ya vyote viwili kwenye folda yenye gta_sa.exe. Gemu ikiwa ndani ya Program Files, Windows inaweza kuzuia mafaili yasiandikwe humo. Mimi gemu zote za zamani naziweka C:\Gemu, na usumbufu huo umekoma.

Mipangilio ya San Andreas ikivurugika, au kipanya kikigoma ndani ya gemu, nenda Documents, folda ya GTA San Andreas User Files, ufute faili la gta_sa.set. Gemu italitengeneza upya. Lakini tazama unachofuta! Mafaili ya GTASAsf1.b na ndugu zake yaliyo humohumo ndiyo misheni zako zote.

Kwa Need for Speed: Most Wanted ya 2005 kuna kifurushi cha mtengenezaji anayejiita ThirteenAG cha kurekebisha skrini pana, na ndani ya faili lake la mipangilio kuna sehemu ya kuboresha padi, pamoja na kuonyesha alama za vitufe vya Xbox au PlayStation. Doom ya 1993 usihangaike nayo kwenye DOS: chukua GZDoom, programu ya kuiendeshea kwenye Windows, padi inasomwa bila maneno. Prince of Persia nayo ina SDLPoP, ambayo ni gemu ileile iliyoandikwa upya, na padi inaijua.

Gemu yako ikiwa haina mkalimani wake, na padi ni ya Xbox au nyingine ya XInput, tumia Xidi. Hii ndiyo dawa ya LT na RT. Inakaa katikati, inaisoma padi kwa XInput, kisha inaiambia gemu kwa DirectInput, huku ikitenganisha LT na RT ziwe vitufe viwili kamili. Unaweka mafaili yake pembeni ya faili la .exe la gemu, na kwenye xidi.ini unachagua umbo la padi. StandardGamepad, yenye vitufe 12, inatosha kwa gemu nyingi. Chukua toleo la biti 32 hata kama Windows yako ni ya biti 64, kwa sababu kinachoangaliwa ni gemu, na gemu za umri huu karibu zote ni za biti 32. Kuhusu kuchagua kati ya mafaili ya Xidi, dinput8.dll na dinput.dll: DirectInput 8 ilikuja na DirectX 8 mwishoni mwa 2000, kwa hiyo gemu ya 2002 na kuendelea ianze na dinput8.dll, ya zamani zaidi ijaribiwe na dinput.dll.

DS4Windows ina kazi nyingine. Inaigeuza padi ya PS4 au PS5 ionekane ni ya Xbox, na inafaa kwa gemu za kuanzia kama 2007 zinazojua XInput peke yake. Watu wanaiwasha kwa kila gemu kwa mazoea. Kwa PES 6 inakuharibia: unachukua padi yenye R2 inayosomeka kama kitufe, unaigeuza kuwa padi yenye R2 isiyosomeka. Unapoitumia pale inapofaa na gemu ikaona padi mbili, ya kweli na ya kubuni, sakinisha HidHide uifiche ile ya kweli.

Kuhusu kupakua: kila programu niliyoitaja ni ya bure. Ukiona ukurasa unaomba malipo, namba ya simu, au unakupa faili lenye nywila ya kufungulia, ondoka. Na mafaili haya ya .dll yasikae kwenye gemu ya mtandaoni yenye ulinzi dhidi ya udanganyifu. Haujui kwamba unatengeneza R2, unaona tu kwamba kuna faili geni, na akaunti yako inaweza kufungwa.

Steam hata kwa gemu isiyo ya Steam

Kama una Steam tayari, huenda usihitaji kingine. Kwenye menyu ya Games chagua kuongeza gemu isiyo ya Steam, tafuta faili la .exe, liongeze. Bofya gemu hiyo kitufe cha kulia cha kipanya, ingia "Properties", halafu "Controller", na uwashe Steam Input. Baada ya hapo unaweza kuamua padi ijifanye ya Xbox, au ijifanye kibodi na kipanya, na kila gemu inabaki na mpangilio wake.

Inashindwa sehemu moja hasa: gemu zinazoanza na kidirisha cha utangulizi. Steam inakishika kile kidirisha, kidirisha kinafungua gemu halisi na kufa, Steam inadhani umemaliza kucheza. Ongeza .exe ya gemu yenyewe, usiongeze ya kidirisha.

Gemu ambayo haikuwahi kuijua padi

Ziko gemu zilizotengenezwa kwa kibodi na kipanya tu. Hapo unahitaji kuigeuza padi iwe kibodi, na AntiMicroX ni ya bure na inafanya hivyo vizuri. Fungua, utaona mchoro wa vitufe. Bofya kimoja, chagua herufi ya kibodi, endelea. Analogi ya kushoto mpe vitufe vya kutembea, ya kulia mpe kipanya, R2 iwe kubofya kushoto. Punguza kasi ya kipanya kuliko unavyodhani inafaa, kisha ongeza kidogokidogo ukiwa ndani ya gemu. Hifadhi mpangilio kwa jina la gemu. Programu inaweza hata kuupakia yenyewe gemu ikifunguka.

Ukiona vitufe vinafanya kazi kwenye Notepad lakini ndani ya gemu kimya, gemu yako inaendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi na AntiMicroX haina. Windows hairuhusu programu ya chini kumbonyezea ya juu. Iendeshe AntiMicroX nayo kama msimamizi.

Sitakudanganya kuhusu gemu za kulenga shabaha: kulenga kwa kipanya kilichoigwa na analogi ni kama kuandika kwa mkono usiouzoea. Gemu za majeshi na ujenzi ndiyo kabisa, nimejaribu na nimerudi kwenye kipanya. Lakini gemu za kuruka na kukimbia za miaka ya 1990 zinapendeza mno zikipewa mishale ya padi ya kisasa.

DOS

DOSBox, programu ya kuchezea gemu za DOS kwenye Windows, inaiga lile tundu la pini 15, pamoja na ufinyu wake. Kwenye faili la mipangilio, sehemu ya [joystick], weka joysticktype=4axis kama gemu inataka vitufe vinne na mchezaji ni mmoja, au 2axis mkiwa wawili. Kijiti kikijisukuma chenyewe upande mmoja, badilisha timed kutoka true kwenda false, kwa sababu tatizo mara nyingi ni ile hesabu ya muda niliyoieleza mwanzo.

Njia ninayoipenda zaidi ni kuiacha joystiki kabisa. Gemu ikiwa imefunguka, bonyeza Ctrl na F1. Picha ya kibodi itatokea. Bofya mshale wa juu kwenye picha, bofya "Add", kisha bonyeza juu kwenye padi. Rudia kwa vitufe vyote, bofya "Save". Sasa gemu inadhani una kibodi, na hakuna wa kukuomba upeleke kijiti pembe ya juu kushoto. Kwenye Prince of Persia hakikisha tu gemu iko kwenye kibodi kwa Ctrl na K. Ctrl na J ndiyo inayoirudisha kwenye joystiki.

Analogi inayotembea yenyewe

Gemu za kisasa hupuuza mtikisiko mdogo wa analogi katikati. Za zamani nyingi hazina huruma hiyo, kwa hiyo padi iliyochakaa kidogo tu itamfanya mchezaji wako ateleze pembeni. Wengi kati ya wakalimani hao wanakuruhusu kupanga eneo la katikati lisilohesabiwa. Anza na asilimia 10, panda hadi 15 ikibidi. Ukizidi sana, usukani wa gari kwenye Most Wanted unakuwa mzito, gari halikati kona ndogo.

Kuna na tatizo la pembe. Analogi ya leo inazunguka ndani ya duara, na ukiisukuma kimshazari kila mhimili unafika kama asilimia 70 tu. Gemu iliyotegemea vijiti vya zamani vilivyofika kwenye pembe za mraba itaona unatembea polepole kila unapokata kimshazari. Mipangilio ya Xidi na DS4Windows ina chaguo la kuigeuza duara kuwa mraba.

Mwisho, waya. Padi ya Xbox isiyo na waya ikikaa dakika 15 bila kuguswa inajizima. Gemu ya leo itakuonyesha ujumbe na kukusubiri. San Andreas haitasubiri: umeenda kula, ukirudi padi inawaka lakini CJ hasikii, na njia pekee ni kufunga gemu na kuifungua tena. Kama ulikuwa katikati ya misheni, pole. Kwa gemu hizi mimi natumia waya wa USB hata kwenye padi yenye Bluetooth.